Dereva Aliyezima Injini

Siku ya maziko yake watu walisema kwamba hakuwa akiogopa kitu. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye viti vya kukodi, nikanyamaza, kwa sababu msibani si mahali pa kubishana. Lakini si kweli. Aliogopa vitu vingi. Aliogopa kuku, hasa jogoo. Aliogopa bodaboda. Aliogopa kuendeshwa na mtu mwingine, hata mimi, na zaidi ya vyote aliogopa sauti ndogo ndani ya gari ambayo hajui inatoka wapi. Wanaosema hakuogopa kitu wanampunguzia sifa. Mimi nilikaa kiti cha kushoto ndani ya gari lake la mashindano kwa miaka mingi. Niliona alivyoogopa, na niliona alivyokwenda akishamaliza kuogopa.

Nilimwita Dereva. Mtaani kwao Majengo, pale Moshi mjini, walimwita Bi Mkubwa, na wengine walimwita jina la kumcheka ambalo nitalieleza. Lakini ndani ya gari la mbio mtu hana nafasi ya majina mengi. Yeye aliniita Msomaji. Kazi yangu ilikuwa kumsomea njia tuliyokuwa tumeipitia taratibu siku za kabla: kona kali kulia, panda, daraja, tope, nyoosha. Nilimaliza darasa la saba Kilema na sikuendelea. Sijawahi kusoma kitu kwa sauti kikasikilizwa kama yeye alivyonisikiliza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, anayefunga ushungi wake vizuri kabla ya kuvaa helmeti, na baada ya mbio kitu cha kwanza alichotafuta ni kioo. Aliuza vipuri vya magari sokoni. Hakuwa na maneno mengi dukani, lakini akiwa na hasira alikuwa nayo ya kutosha. Mteja akimwuliza kitu kimoja mara mbili alimjibu kwa ukali. Gari likimwuliza kitu kimoja mara kumi alilijibu mara kumi, kwa upole, kama analea mgonjwa. Nilimwambia hivyo siku moja.

"Mteja ana mdomo," akasema. "Ana duka jingine la kwenda. Gari lina mimi tu."

Asubuhi ya mashindano alikuwa na utaratibu ambao haukubadilika. Kwanza aliinama kutazama boksi. Kila gari lilipolala, alilitandikia boksi kubwa la karatasi lililokunjuliwa, na asubuhi alilivuta akalisoma. Tone jeusi ni mafuta ya injini. Jekundu ni la gia. La kijani ni maji ya rejeta. Boksi likiwa safi hakufurahi sana; aliuliza kama kuna mtu amelibadilisha.

Kisha alifanya jambo ambalo watu wengi walikuja kulitazama kama kichekesho. Inabidi nieleze kwanza tabia yetu sisi watu wa mlimani. Ukishuka kutoka Kilema au Old Moshi, unatoa gia na kuliacha gari litelemke lenyewe, ili uokoe mafuta. Wazee wetu walifanya hivyo na malori ya kahawa. Ni tabia mbaya sana. Breki zinabeba uzito wote peke yake, zinachemka, na wako waliofika chini wakiwa hawana breki kabisa. Dereva, mtu wa mjini, alitusema kwa tabia hiyo kila alipoiona. Halafu yeye mwenyewe akaichukua na kuigeuza kipimo.

Alitafuta mteremko mdogo, mtupu, ambao hata mtoto angeweza kuukimbia. Alishusha vioo vyote. Alituambia tunyamaze. Alizima injini, akaacha ufunguo mahali pake ili usukani usijifunge, mkono mmoja kwenye breki ya mkono, akaliachia gari liende mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna injini, hakuna redio, hakuna mtu anayeongea. Hapo ndipo unasikia magurudumu. Unasikia breki inayosugua kidogo. Unasikia chuma kilicholegea kinavyogonga ukivuka jiwe.

"Injini ni kama shemeji mwenye kelele," aliniambia. "Akiwepo sebuleni hujui kama watoto wamelala au wanalia."

Mwisho alishuka, akazunguka gari na kugusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa kwenye paji la uso. Manne yote. Lenye joto kuliko wenzake lilifunguliwa. Hapakuwa na mjadala.

Fundi wake, mtu mzima wa mtaa wa Pasua aliyefanya naye kazi tangu kabla yangu, hakuizoea tabia hiyo hata siku moja. Alikuwa fundi mzuri na alijua kwamba ni mzuri.

"Dereva, gari zima hilo. Nimelikagua mimi mwenyewe, bolti kwa bolti."

"Nimekusikia wewe. Sasa nataka kulisikia lenyewe."

"Kwa hiyo mimi muongo?"

"Wewe si muongo. Wewe umechoka. Nenda kanywe chai."

Madereva wengine walipotuona tunateremka kimya, walitoa vichwa madirishani. "Mama, limezimika? Tukusukume?"

"Sukumeni," alijibu, "ila bila kelele, nasikiliza."

Ndiyo maana walimwita Mama Zima. Na jina hilo lilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu mara nyingi alizima kweli. Mara nyingi tulikuwa tunaongoza, au tunakaribia kuongoza, likatokea jambo dogo, harufu ya mpira unaoungua, mshale wa joto kupanda kidogo kuliko kawaida, na yeye akatoka barabarani, akavua glovu, akasema, "Basi kwa leo." Watu waliofunga safari kuja kumshangilia walirudi nyumbani wamenuna. Wengine walisema kwamba mwanamke ni mwoga tu. Alikunja glovu zake vizuri, moja juu ya nyingine, na njiani kurudi mjini alinieleza ni kitu gani kingetokea kwenye kona gani. Nilitamani kumwambia kwamba labda kisingetokea. Sikusema, kwa sababu alikuwa anajua. Aliwahi kuniambia mwenyewe: "Labda lingefika. Magari mengi yanafika. Lakini siwezi kulikimbiza gari huku nasema labda."

Lakini asifikiriwe kwamba alikuwa mtu wa kufuata kila kanuni. Pikapu yake ya kubebea mizigo ya dukani ilikuwa aibu. Taa nyekundu kwenye dashibodi iliwaka mwaka mzima. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Ilipiga kelele kiasi kwamba nilijua anakuja kabla hajafika kona ya kwetu. Nilimwuliza inakuwaje mtu anayefungua gari la mbio kwa sababu ya joto kidogo la gurudumu anaendesha kitu kile.

"Hii naenda nayo taratibu," akasema. "Nimeshaiambia kwamba sitaitaka mbio, nayo imeshaniambia inaumwa wapi. Tumeelewana. Ugomvi unakuja pale unapoijua dalili halafu unakanyaga mafuta."

Mwezi wa Ramadhani hakushindana. Nilidhani ni kwa sababu ya dini tu. Akacheka. "Nikiwa na njaa nasikia tumbo langu, sisikii gari." Kwangu Kilema alikuja mara nyingi, akala machalari ya mke wangu, zile ndizi zilizopikwa na nyama, hadi akalegeza mkanda. Akikuta wazee wamekaa na mbege, pombe yetu ya ndizi, chini ya migomba ya kihambani, alikaa nao akanywa maji, akawauliza kuhusu barabara: ni wapi mvua imekata, ni wapi mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, umefurika na kumwaga maji njiani. Alipata habari nyingi kwa wazee wale kuliko nilizopata mimi kwa kupita na kalamu. Mke wangu alimpenda na alimlaumu. Alisema, "Dada, siku ukimwua mume wangu utanioa wewe." Dereva alimjibu, "Mumeo hafi kwangu. Atakufa kwa chumvi unayoweka humu."

Sasa nieleze mashindano yake ya mwisho.

Daktari wa macho alikuwa ameshamwambia. Aliniambia dukani, akiwa anapanga plagi, hata hakunitazama. "Mbio za mwaka huu, basi. Baada ya hapo nitaona barabara kama kupitia maziwa." Alikuwa ameshiriki mashindano ya mlimani miaka yote niliyomjua, na hajawahi kulichukua kombe. Alikuwa amelikaribia. Amelipigia makofi likichukuliwa na wengine. Sikumsikia hata siku moja akisema analitaka, lakini kabatini kwake sebuleni kulikuwa na nafasi tupu kati ya seti ya vikombe na saa, na hakuwahi kuweka kitu pale.

Mwaka ule tuliendesha vizuri. Chini kwenye mashamba ya miwa kulikuwa na vumbi, juu kulikuwa na ukungu na utelezi, na gari letu dogo lilipita kote. Kufikia mchana wa siku ya mwisho tulikuwa tunaongoza, na nyuma yetu, karibu sana, alikuwa kijana mmoja kutoka Arusha mwenye gari jipya. Kijana mwenye adabu. Kila alipotuona alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Dereva. "Siku ukinipita, nipite na adabu hiyo hiyo."

Vilibaki vipande viwili vya mbio. Kipande kimoja juu ya Mwika, halafu kuteremka barabara ya kawaida hadi sehemu ya matengenezo, halafu kipande cha mwisho cha kupanda Kilema kupitia migomba hadi uwanja wa mpira. Kipande hicho cha mwisho tulikijua. Kuna korongo upande mmoja, na watu hukaa ukingoni mwa barabara na watoto wao hata waambiwe nini.

Katikati ya kipande cha Mwika akasema, "Kona za kulia zinalia."

Nilikuwa nasoma. Sikusikia kitu zaidi ya injini na mawe. "Sisikii."

"Usukani unaniambia mkononi. Soma."

Nikasoma. Alipunguza kidogo kwenye kila kona ya kulia, kidogo tu, na tulipomaliza bado tulikuwa tunaongoza kwa upana wa kucha. Watu walitupigia makofi. Tulipofika mteremkoni, kwenye barabara ya kawaida, alivua helmeti, akawasha taa za tahadhari, akasogea pembeni na kusubiri magari yapite. Kisha akashusha vioo na kuzima injini.

Gari likaanza kuteremka polepole. Mara ya kwanza nilisikia ndege na maji ya mfongo tu. Halafu nikasikia. Gurudumu la mbele kushoto, upande wangu, lilikuwa linasaga, kama mtu anayetafuna changarawe mdomo umefungwa. Tulisimama, akashuka, akagusa magurudumu manne kwa mgongo wa mkono. Lile la kwangu alipoligusa mkono ukaruka.

"Beringi," akasema. Hakusema neno jingine hadi chini.

Fundi alinyanyua gari kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa. Lilicheza. Sote tuliona.

"Inaweza kumaliza," Fundi akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu watu walikuwa wamezunguka. "Dereva, nisikilize. Kimebaki kipande kimoja. Kimoja tu! Nikifungua, muda unaisha, wanatuongezea dakika za adhabu, na kombe linakwenda Arusha. Endesha. Kona za kulia nenda taratibu. Si unaongoza?"

"Taratibu?" akasema. "Kama ni taratibu ningekuja na pikapu."

"Ni kombe lako, mama! Miaka yote hii!"

"Najua ni miaka mingapi. Fungua."

Fundi alinitazama mimi. Nilijua anataka nini. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa juu ya gurudumu lile, na mimi ndiye mtu pekee ambaye angeweza kusema, Dereva, mimi niko tayari, twende. Nitasema ukweli: sikuwa tayari. Nilifurahi aliposema afungue, na nilisikitika kwa ajili yake, yote mawili kwa pamoja.

Fundi alifungua. Alifanya kazi ile kwa hasira na kwa haraka ambayo sijaiona tena kwa fundi yeyote, akatoa kitovu kizima na kupachika kingine chenye beringi nzima, huku jasho likimdondoka kwenye mikono. Beringi ya zamani ilipotoka, vigololi vyake viwili vilianguka kwenye zege vimepasuka. Hakuna aliyesema inaweza kumaliza tena. Lakini magari yalikuwa yanaondoka. Gari la Arusha liliondoka. Kijana mmoja wa kikosi chao akapiga kelele, "Mama Zima kazima tena!" na watu wakacheka, hata baadhi ya watu wetu.

Tuliripoti tumechelewa. Tukapigwa adhabu. Tukawa wa tatu.

Pale kabla ya mstari wa kuanzia kuna mteremko mfupi. Aliliachia gari hapo kwa pumzi chache, injini imezimwa, vioo viko chini. Kimya. Alitabasamu, na tabasamu lile nililiona vizuri kwa sababu helmeti ilikuwa bado magotini.

"Umesikia, Msomaji?"

"Sijasikia kitu."

"Hata mimi. Halina la kusema. Sasa soma, na usimeze maneno."

Sijui nielezee vipi alivyoendesha. Nilikuwa nimekaa naye miaka yote na nikagundua kwamba nilikuwa simjui. Migomba ilipita kama ukuta mmoja wa kijani. Kahawa, nyumba, kanisa, watu, vyote vilikuwa vinakuja na kuondoka kabla sijavitambua, na mimi nilikuwa nasoma tu, nasoma, sauti yangu ikipanda yenyewe. Pale mfongo ulipomwaga maji njiani gari lilikwenda ubavu ubavu, na yeye akaliacha liende, akalirudisha wakati nilikuwa nimeshaanza kumtaja Bikira Maria. Kila kona ya kulia aliikata bila kupunguza. Nilisikia gurudumu lililo chini yangu likibeba uzito wote wa gari, na lilikuwa kimya, linabeba. Alikuwa anaimba. Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Alikuwa anaimba wimbo wa arusi wa mjini, meno ameyabana, na aliimba hadi juu.

Uwanjani alisimamisha gari katikati ya umati na vumbi likatufunika. Kijana wa Arusha alikuwa ameshafika, ameegemea gari lake anakunywa maji. Ningependa kuandika kwamba gari lake liliharibika, kwa sababu ndivyo watu wanavyosimulia siku hizi, na simulizi inakuwa tamu. Halikuharibika. Liliendeshwa vizuri sana hadi mwisho. Mtunza muda alijumlisha, akajumlisha tena, akamwita mwenzake, kisha akaandika kwenye ubao kwa chaki. Tulikuwa wa kwanza, pamoja na adhabu yote.

Wanawake wa Kilema walipiga vigelegele hadi mbwa wakakimbia. Mke wangu alimbeba Dereva juu juu, ushungi ukadondoka, na Dereva akapiga kelele, "Niweke chini, sijajitazama kwenye kioo!" Fundi alikaa chini kwenye nyasi akaweka kichwa mikononi. Yule kijana akaja, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mama, umepita wapi? Kuna njia nyingine?"

"Njia ni ile ile, mwanangu," akamwambia. "Ila gari langu lilikuwa limenyamaza."

Hakushindana tena. Macho yalikwenda kama daktari alivyosema, na baadaye maradhi mengine yakafuata. Aliyatibu mapema, kila moja, kwa utaratibu ule ule, na yalimwacha aishi miaka mizuri kuliko tulivyotegemea. Kisha hayakumwacha.

Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimpelekea ndizi kutoka kihambani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, amefunikwa khanga miguuni, na mdogo wake alikuwa anamchambulia mchicha karibu. Kombe lilikuwa kabatini kati ya vikombe na saa. Nilisema shikamoo, akaitikia kabla sijamaliza. Alinijua kwa sauti, kama ilivyopaswa. Tuliongea kuhusu mvua. Tuliongea kuhusu Fundi, ambaye sasa anawafokea vijana gerejini kwake na kuwazimia injini. Halafu nikamwuliza kitu nilichokuwa nacho moyoni kwa muda mrefu.

"Dereva, ulipomwambia Fundi afungue, ulijua tutashinda?"

"Kushinda?" Akageuza uso upande niliopo. "Niliposikia ile beringi nilijua kombe limekwenda. Nililia barabarani, kutoka Mwika hadi chini. Wewe ulikuwa unatazama gurudumu."

"Sasa kwa nini ulifungua?"

"Kilikuwa kipande changu cha mwisho, Msomaji. Fundi alitaka nikiendeshe nusu ili nipate kombe. Mimi nilitaka nikiendeshe chote." Mdogo wake aliacha mchicha akawa anatusikiliza. "Ile kona ya kulia pale korongoni, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Watu wanaingia na gia ya pili."

"Ya pili, ndiyo. Waoga wanasimama kabisa."

"Sisi tuliingia na ya ngapi?"

"Ya nne, Dereva."

Aliegemeza kichwa ukutani. Uso wote ukafunguka, na kwa muda ule hakuwa mgonjwa hata kidogo.

"Ya nne," akamwambia mdogo wake. "Umemsikia? Muulize tena."